Samli ya Bibi na Msumeno wa Chunya

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana nikishaanza hadithi nitawaruka, na wengine hawana tena wa kuwataja. Alikuwepo bibi yangu mzaa baba, Subilaga, mwenye boma. Alikuwepo baba yangu Ambakisye, mtoto wake wa pili, na mama yangu Sekela, aliyeolewa kutoka Tukuyu. Alikuwepo baba mdogo Asajile, kitinda mimba wa bibi, ambaye msumeno ulikuwa wake. Alikuwepo Fundi Abdurahmani wa Iringa, ambaye hakuwa ndugu yetu kwa damu wala kwa dini, lakini baada ya msimu ule hakuna aliyemwita mgeni tena. Na nilikuwepo mimi, Tupokigwe, msichana wa kuchota maji na kufukuza ndege kwenye ulezi. Asiyekuwepo ni mmoja tu, baba mkubwa Andangile, mtoto wa kwanza wa bibi, na kutokuwepo kwake ndiko kulikofanya mambo yawe vile yalivyokuwa. Nitafika kwake.

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Mwanjelwa kuchagua kitanda. Tulipita kwenye mabanda ya mafundi, vumbi la mbao limejaa hewani kama unga wa mashine ya kusaga, redio inaimba, kila mtu anapiga kelele juu ya mwenzake. Nikasimama. Katika banda moja msumeno wa umeme ulikuwa unakata mninga, na ulikuwa unalalamika. Halafu ikanijia harufu yake, ile ya mninga ukiungua kidogo, tamu kama karanga zilizopitiliza chunguni. Sikuhitaji kuangalia. Nilijua ubao unabanwa nyuma ya msumeno, nilijua na sababu yake.

"Bibi, twende, vumbi hilo litakukohoza," mjukuu akasema.

Sikuondoka. Nilikuwa nimesharudi kwetu, rafiki yangu, juu ya mteremko wa Uyole, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru.

Ungeona asubuhi zetu. Ukungu ulikuwa unakaa uani kama mtu wa nyumbani. Ng'ombe ulimsikia kwanza akipumua, ndipo umwone. Moshi wa jiko haukupanda, ulilala juu ya nyasi za paa ukashuka taratibu mpaka kwenye migomba. Viazi vilichomwa kwenye majivu, maharage yalichemka tangu alfajiri, na katika yote hayo kulikuwa na mlio wa kibuyu cha bibi, akitikisa maziwa magotini, chwaka, chwaka, chwaka, mpaka yatoe siagi ya kupikia samli. Mimi hata leo nikitaka usingizi unijie nautafuta mlio ule.

Samli kwa bibi haikuwa ya kula tu. Chochote kilichoingia bomani kukaa, alikipaka. Mtoto mchanga alipakwa kichwani. Mama yangu alipoletwa kuolewa alipakwa paji la uso. Jembe jipya lilipakwa mpini, kigoda kikapakwa, hata jogoo aliyenunuliwa Tukuyu alipakwa kwenye kilemba chake, naye hakupenda. Bibi alisema kitu kisichopakwa hakijui kimefika kwa nani, kitaondoka siku yoyote. Sijui kama kwenye maboma mengine walifanya hivyo. Kwetu ilikuwa hivyo, na sisi watoto hatukuona ajabu yoyote.

Sasa msumeno. Baba mdogo Asajile alikuwa Chunya kwenye dhahabu, na dhahabu ilipoanza kuwa haba, mzungu wake alifunga kazi akawa anagawa vitu vyake. Asajile alikuwa na ng'ombe mmoja mkubwa aliyewekwa kwa mahari yake. Akambadilisha kwa msumeno wa mzungu huyo. Siku aliyofika tulisikia lori likilia kwenye kilima, likaja likashusha uani meza ya chuma yenye kutu, msumeno wa duara umejitokeza katikati yake kama nusu ya mwezi mbaya, na injini yake pembeni, na mkanda wa ngozi umeviringishwa kama nyoka aliyekufa.

Baba yangu alizunguka meza ile, mikono nyuma.

"Ng'ombe wa kuolea amegeuka chuma," akasema. "Sasa baba mkwe utamwambia nini? Kwamba binti yake atakamua hii?"

"Kaka, chuma hiki kitazaa kuliko ng'ombe."

"Kitazaa kutu. Kimeshaanza."

Bibi yeye aliuliza jambo moja tu. "Kinakula nini?"

"Mafuta ya taa, mama."

"Basi afadhali. Hakitagombania ugali."

Siku ya kwanza kuuwasha tulisimama wote kuangalia. Injini ilikohoa, ikashika, mkanda ukaanza kukimbia, na ule msumeno ukapotea machoni, ukawa duara la mwanga tu. Asajile akasukuma ubao. Ulikwenda kidogo, ukaanza kulia, moshi ukatoka, na ile harufu tamu ya kuungua. Akasukuma zaidi. Basi kipande kikaruka kurudi nyuma, kikapita kati ya baba na mama, kikatoboa ukuta wa jiko kikavunja kibuyu cha maziwa kilichoning'inia ndani. Maziwa yakatiririka mpaka mlangoni. Asajile alikuwa amepata mkwaruzo ubavuni, damu kidogo, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekufa.

Bibi akatazama maziwa, akatazama msumeno. "Mgeni gani huyu, anatemea watu."

Jioni, tukiwa tumekaa kwenye moto, Asajile alitoa neno lake. "Lori la kusini litapita baada ya mavuno ya maharage. Msumeno usipokaa sawa kufikia hapo, mimi napanda. Siwezi kukaa hapa wakwe wakinicheka."

Hapo ndipo nilipokuahidi nitafika, kwa baba mkubwa Andangile. Lori la kusini lilikuwa lile la kuchukua vijana kwenda kwenye migodi ya mbali, huko Afrika Kusini. Andangile alipanda mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Sura yake siijui. Bibi alimfuata mpaka bondeni akilia, akimshika koti. Baada ya misimu kadhaa likarudi sanduku lake peke yake, sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe kwa msumeno wa mkono, na habari kwamba mwamba uliporomoka. Sanduku liliwekwa pembeni ya kitanda cha bibi. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu ndani yake.

Kwa hiyo Asajile aliposema vile, bibi aliinuka akaingia ndani. Tukasikia kibuyu kingine kikianza kutikisika, chwaka, chwaka, na haikuwa saa ya kutikisa maziwa.

Baba ndiye aliyempata Fundi Abdurahmani. Alikwenda Mbeya mjini kuuza pareto akamkuta amekuja kumsalimia binti yake, aliyeolewa na mwenye duka la vitambaa. Watu wa mjini walimwambia baba kwamba mzee huyu ametunza misumeno ya mbao upande wa Iringa tangu ujana wake. Asili yao ilikuwa pwani, babu zake walikuja na biashara wakabaki. Alipanda kilima chetu akiwa amevaa kofia nyeupe, kanzu ameipandisha kiunoni, koti la jeshi juu yake, na viatu vya matairi.

"Mwaghonile," bibi akamsalimu kwa lugha yetu, umeamkaje.

"Mimi nimeamka, mama mwenye nyumba. Miguu bado imelala. Hii baridi yenu ina meno kuliko huo msumeno."

Bibi akacheka. Tangu kibuyu kivunjike hakuwa amecheka.

Asajile alikimbilia injini aiwashe, amwonyeshe. Fundi akainua mkono. "Acha, mwanangu. Kwanza tujuane naye." Akaomba kigoda, akakaa mbele ya meza ile akaitazama, akiwa anatafuna kipande cha tangawizi, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa asiyetaka kusema. Siku nzima ile hakuishika. Baba alianza kunong'ona kwamba tumelisha mzee wa bure.

Kesho yake kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya wanawake kwanza. Mimi na mama tulisugua kutu kwa mafuta ya taa na unga wa tofali, mpaka uso wa meza ukaanza kuonyesha nyuso zetu. Chini ya meza tulikuta kiota cha panya, na ndani yake mbegu za nyasi za Chunya, nyekundu, ambazo huku kwetu hazioti. Nilizipanda nyuma ya jiko. Baridi iliziua, lakini kwa siku chache zilitoa vijani vidogo, na nilikuwa nakwenda kuviangalia kila nikitoka kisimani.

Halafu fundi akavua kofia, akatoa humo chaki ya mshonaji, ya yule binti yake. Akatia alama kwenye jino moja la msumeno. Moja tu.

"Tazameni meno haya," akasema. "Hili limelala kushoto, hili kulia, hili kushoto. Ukipima jino hili mbele na jino lile nyuma, umepima ndugu wawili, na ndugu hawafanani. Mchague mmoja. Umfuate anakokwenda."

Niliona bibi, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, amesimamisha mikono.

Meza ile ilikuwa na mfereji uliochimbwa kwenye chuma, kutoka mbele hadi nyuma, kandokando ya msumeno. Fundi alichonga kijiti cha mninga kikakaa ndani ya mfereji bila kucheza, akapigilia msumari ubavuni mwake, kichwa kikaelekea kwenye msumeno. Akaniita. "Bibie Tupo, njoo, una mikono midogo. Zungusha huyu kwa kitambaa, polepole, kama unavyomgeuza mtoto aliyelala."

Nikazungusha. Jino la chaki lilipofika mbele, likagusa kichwa cha msumari likalia, krrr, kidogo sana, kama panzi. Akasogeza kijiti nyuma, mimi nikazungusha jino lile lile mpaka nyuma. Kimya. Halikugusa. Likapita mbali na msumari, pakabaki nafasi ya kupitisha unyasi.

"Unaona?" akamwambia Asajile. "Msumeno umekaa upande. Ubao unaingia mbele vizuri, ukifika nyuma njia imepinda, unabanwa, unaungua, halafu unarushwa. Hakutemei kwa ubaya. Umemkalisha vibaya."

Basi huo ndio ukawa mchezo wetu kwa siku nyingi, katika ukungu na katika jua jembamba la baada ya ukungu. Asajile analala chali chini ya meza, analegeza nati. Fundi anagonga kitako cha msumeno kwa nyundo ya mti, tok, tena tok. Mimi nazungusha. Mbele, krrr. Nyuma, kimya. Anagonga tena. Mbele, krrr. Nyuma, kr. "Kaza." Asajile akikaza, chuma kinasogea chenyewe, tunarudi tulikotoka. Hakuna aliyekasirika. Fundi alisimama saa zake za kuswali, akatandika mkeka pale kwenye migomba, na mama alimtengea maji ya moto ya kutawadha kwa sababu ya ile baridi yenye meno. Akirudi anasema, "Tuendelee, bibie," na mimi naanza kuzungusha. Mpaka leo naota nazungusha. Katika ndoto hakuna mtu, ni ukungu tu, na jino jeupe linakwenda na kurudi, nami nasikiliza.

Ikaja asubuhi moja mbele likalia krrr, na nyuma likalia krrr, sauti ile ile, kama mtu mmoja anayeitikia kwenye milango miwili. Fundi akafumba macho. "Tena." Nikazungusha tena. Krrr. Krrr. Asajile akatoka chini ya meza na majani kichwani, akaanza kucheka peke yake.

Baada ya hapo mengine yalikuwa mepesi. Ule ukingo wa chuma ambao ubao hutembea ukiuegemea, nao waliupima kwa kijiti kile kile mpaka ukawa sambamba na msumeno. Meno yakanolewa kwa tupa, moja moja. Na fundi akakata ulimi wa chuma kutoka kwenye springi ya gari, akausimamisha nyuma ya msumeno, ili ubao ukishapasuliwa usijifunge tena. Lakini maharage nayo yalikuwa yamekauka. Watu waliotoka sokoni walisema lori la kusini limeonekana Tukuyu, linapanda.

Katika siku hizo hizo nilikuwa naamka kuchota maji, na kila nikitoka namwona bibi peke yake kwenye msumeno, ukungu umemfunika mpaka kiunoni. Ana kibakuli. Alikuwa anaupaka. Alipaka meza, akapaka magurudumu ya mkanda, akaupaka na mkanda wenyewe uliotundikwa kwenye nguzo, pande zote mbili, kwa kiganja, kama anavyopaka mgongo wa mtoto aliyetoka kuoga. Alikuwa anasema maneno chini chini kwa lugha yetu. Nilisikia mawili tu: "Kaa. Kaa na mwanangu." Nikapita na mtungi wangu. Kwetu kila kilichokuja kukaa kilipakwa, nami sikuona cha kusema.

Siku ya kujaribu, majirani walijaa uani. Mkanda ukafungwa, injini ikakohoa, ikashika. Asajile akaweka ubao wa mninga, akasukuma. Rafiki yangu, uliingia kama kisu kwenye ndizi. Hakuna moshi, hakuna kulia. Watu wakaanza kuguna kwa furaha. Mara msumeno ukapunguza mwendo, ukapunguza, ukasimama katikati ya ubao. Injini bado inanguruma, gurudumu lake linazunguka, lakini mkanda unateleza juu yake unapiga kelele kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Wakatoa ubao, wakaanza upya. Ukasimama tena. Wakaanza tena, ukasimama hata kabla ya kushika.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Labda umeshiba." Wakacheka.

Asajile alizima injini. Hakutazama mtu. Aliingia nyumba ya bibi, akatoka na sanduku la Andangile kichwani, na blanketi lake juu yake. Hata waliocheka wakatazama chini. Njia ilipita mbele ya mlango wa jiko alikosimama bibi. Alipofika akapiga goti kidogo, kama desturi yetu kwa mzazi.

"Mama, nimekwenda."

Asajile akainuka. Akapita, akashuka, ukungu wa bondeni ukaanza kummeza, miguu kwanza.

Baba akaanza kukimbia. Bibi akamshika mkono. "Mwache. Yule wa kwanza tulimfuata mpaka chini tukimlilia, akaondoka na machozi yetu. Huyu hatumfuati."

Wakati wote huo Fundi Abdurahmani alikuwa ameinama kwenye mkanda. Aliugusa kwa kidole, akakinusa kidole. Akanusa tena.

"Mama mwenye nyumba," akaita, taratibu, "hapa palipikwa pilau?"

Bibi alisogea. "Niliupaka samli," akasema. "Kila asubuhi. Ili uzoee kwetu."

"Na mkanda?"

"Mkanda niliupaka zaidi. Niliona ndio umekauka sana."

Yule mzee alimgeukia bibi. Nilidhani atagomba. Alivua kofia yake akaiweka juu ya meza. "Mama yangu, mkanda unashika gurudumu kwa ukavu wake. Ukiupaka samli unateleza, kama mtoto uliyempaka mafuta halafu ukataka kumbeba mvuani. Msumeno hauna kosa. Mwanao hana kosa. Niletee majivu."

Bibi alileta majivu ya jikoni kwenye ungo, akakataa kusaidiwa. Fundi alikwangua mkanda kwa kisu, na bibi akausugua kwa majivu, kwa mikono ile ile iliyoupaka. Majivu yakawa meusi, wakayatupa, akaleta mengine. Mama akafuta magurudumu kwa mafuta ya taa mpaka yakakauka. Baba akasukuma injini nyuma kidogo ili mkanda ukazike. Jua lilikuwa limeshavuka paa la jiko. Nilitega sikio bondeni, nikisubiri kusikia lori, na kila nikisikia upepo nadhani ndilo.

"Washeni," bibi akasema.

Baba ndiye aliyesukuma ubao. Nitakuelezaje sauti ile? Kwanza ilikuwa chini, kama mtu anayeanza wimbo kifuani, halafu ikapanda, ikatulia, ikawa ndefu, moja, haina kona. Ubao ukaingia mzima ukatoka mapande mawili, na unga wake ukaanguka mwekundu miguuni mwa baba. Majirani wakasogea karibu. Baba akanyoosha mkono azime.

"Usizime," bibi akasema. "Mwingine."

Akapitisha mwingine. "Mwingine." Ndipo nilipoelewa, na nadhani hata baba alielewa hapo hapo. Bibi alikuwa anamwita mwanawe. Hakumfuata kwa miguu wala kwa machozi, alimpelekea sauti ile, ishuke mteremko, ivuke mto, imfikie popote alipo. Tukakata kila ubao uliokuwepo. Zikaisha mbao, fundi akaleta gogo la mkaratusi la kupasua kuni. Mafuta ya taa yalikuwa yanakaribia kwisha kwenye tangi. Bibi alisimama ukingoni mwa uwanja, mgongo kwetu, mikono imejaa majivu mpaka viwikoni.

Ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni kama kawaida yake ya jioni. Katika ukungu huo tuliona sanduku kwanza. Sanduku peke yake, linapanda hewani. Halafu chini yake akatokea mtu.

Asajile aliliweka sanduku chini. Alikuwa anahema, amelowa magoti. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akasikiliza, akamtazama baba.

"Kaka, unasukuma haraka mno. Utauchosha."

Baba akasogea, akampisha.

Bibi aliingia ndani akatoka na kibakuli, akasubiri gogo limalizike, ndipo akampaka mwanawe samli kwenye paji la uso, kama mtu aliyefika siku ile kwa mara ya kwanza.

Asajile hakwenda kusini, wala mwingine yeyote kwetu. Aliolewa na yule binti, ndivyo tulivyokuwa tunamtania, maana baba mkwe alikubali kulipwa kwa milango na madirisha, na kila aliyeingia nyumba ile alisema bwana harusi ndiye aliyetolewa mahari. Fundi Abdurahmani alikuja kila msimu wa maharage na chaki yake ndani ya kofia. Alimwonyesha bibi mahali pa kupaka: uso wa meza tu, kidogo sana, usishike kutu. "Hapa mpake, mama. Hapa usimpake." Bibi aliupaka kila Jumamosi mpaka mikono ilipokataa. Msimu mmoja fundi hakuja, alikuja binti yake na kanga mbili kwa bibi, tukajua.

Sasa wote hawapo. Migomba haipo, pamejengwa nyumba za matofali ya saruji na mabati, na ukungu wenyewe hauji kama zamani, au labda unakuja na sisi tumefunga madirisha. Injini ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Meza ilifuata. Lakini sanduku la baba mkubwa Andangile ninalo, limesimama pembeni ya kitanda changu, na ndani yake kuna kitu kimoja tu, kijiti cha mninga chenye msumari ubavuni. Wajukuu huniuliza ni cha nini. Nawaambia ni cha kusikilizia.

Pale Mwanjelwa nilisimama mpaka yule kijana akamaliza ubao wake. Nilinunua kitanda kwake. Mjukuu hakujua kwa nini.

Kama wewe unayesoma ulikuwa Uyole miaka ile, au mama yako alikuwa kati ya majirani waliojaa uani, na kuna mahali nimekosea, usininyamazie. Niambie kama lori lilikuwa la kijani au la kijivu. Niambie kama baba mdogo alikuwa amefika mtoni tu, au alikuwa ameshapanda akaruka, maana yeye mwenyewe alisimulia hivi na vile, kutegemea nani anamsikiliza. Hata majina nisahihishe, ingawa sidhani utapata kosa. Ila ile sauti niachie. Ile niliisikia vizuri.